Kila Kasha na Ufunguo Wake: Kubadili Maneno Makuu ya Siri Katika Nyumba ya Kisasa

Katika nyumba nyingi za siku hizi, vitu vya thamani havikai tena sandukuni tu. Fedha za matumizi zimo katika simu, umeme hununuliwa kwa namba, ada ya shule hulipwa bila mzazi kutoka nyumbani, na risiti hufika kwa barua pepe. Huduma hizi aghalabu hudai neno la siri, na mtu mzima mwenye kazi na familia hujikuta ana maneno mengi kuliko anavyoweza kuyakumbuka. Kwa kuwa kichwa cha binadamu hakikuumbwa kuwa ghala la tarakimu, wengine hutumia neno moja kila mahali, na wengine huyaandika yote nyuma ya kalenda ya ukutani. Njia zote mbili zina hatari. Anayeiba neno linalotumika kila mahali amepata nyumba nzima, na kalenda ya ukutani husomwa na kila mgeni.

Dawa iliyopatikana ni programu ya kutunza maneno ya siri. Programu hiyo yafanana na kasha la mbao la mabibi wa pwani: ndani mna vitu vyote, na nje pana kufuli moja. Mwenye kasha hukariri neno moja tu, liitwalo neno kuu, nalo humfungulia maneno mengine yote. Jambo hili si geni sana. Mwaka 1997 Bruce Schneier, bingwa wa Kimarekani wa elimu ya maandishi ya fumbo, alitoa programu iitwayo Password Safe. Mwaka 2003 Dominik Reichl wa Ujerumani alitoa KeePass, ambayo mpaka leo hutolewa bure. Baadaye zilifuata nyingine, kama vile 1Password, LastPass na Bitwarden.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasha la maneno ya siri ni daftari la namna hiyo, lakini daftari lenye kufuli huleta shughuli yake siku kufuli linapobadilishwa. Kubadili neno kuu ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, anayeifanya bila kuielewa aweza kujifungia nje ya mali yake mwenyewe, au akadhani amefunga mlango kumbe dirisha limebaki wazi. Taabu huzidi pale nyumba inapokuwa na makasha mawili au matatu.

KASHA HUFANYAJE KAZI

Ndani ya simu au kompyuta, kasha ni faili lililosimbwa, yaani maandishi yake yamevurugwa kwa hesabu hata yasisomeke. Neno kuu lenyewe haliwekwi ndani ya faili hilo. Mwenye kasha anapoliandika, programu hulisaga kwa hesabu maalumu inayorudiwa mara nyingi, katika baadhi ya programu mara laki kadhaa, mpaka upatikane ufunguo wa tarakimu ambao ndio hufumbua maandishi. Marudio hayo yamewekwa kwa makusudi. Mwenye neno sahihi hungoja kitambo kidogo, lakini mwizi anayebahatisha maneno kwa mamilioni hucheleweshwa katika kila jaribio.

Kutokana na mpango huo, watu waliotengeneza programu hawana neno kuu la mtu yeyote, wala hawawezi kumtajia aliyelisahau. Anayetumia KeePass hana ofisi ya kupelekea malalamiko: akisahau neno na hana nakala yake popote, kasha halifunguki. Katika 1Password ya familia, msimamizi wa familia aweza kumrudishia mwenzake nafasi ya kuingia, na Bitwarden ina mpango wa kumteua mtu wa kuaminiwa wakati wa dharura. Lakini mipango hiyo yapaswa kuwekwa mapema, kabla ya shida kutokea.

KWA NINI MAKASHA ZAIDI YA MOJA

Nyumba yenye baba mwajiriwa na mama mweka hazina wa chama cha akiba ina mali za aina tatu. Kuna mali ya familia, kama akaunti ya benki, namba za mita ya umeme na maji, na maneno ya kuingilia matokeo ya watoto shuleni. Kuna mali ya mwajiri, ambayo mtumishi hukabidhiwa na siku moja atairudisha. Halafu kuna mali ya wanachama, yaani orodha ya michango na neno la kufungulia akaunti ya chama.

Mali hizo tatu zikitiwa katika kasha moja, mama hawezi kumpa katibu wa chama ufunguo bila kumfungulia na mambo ya nyumbani. Vivyo hivyo, siku baba anapohamishwa kituo cha kazi, hawezi kukabidhi mambo ya ofisi bila kukabidhi ya mke na watoto. Kwa hiyo yafaa kuyatenga: kasha la nyumba, kasha la kazi na kasha la chama, kila moja na neno kuu lake. Neno moja likiwekwa kwa makasha yote matatu, utengano huo huwa wa jina tu.

KUBADILI MOJA SI KUBADILI YOTE

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Huenda katika menyu, hubadili neno kuu, kisha huamini kwamba makasha yote sasa yanafuata neno jipya. Ukweli hutegemea programu inayotumika, na mipango iliyo mashuhuri ni mitatu.

Mpango wa kwanza ni ule wa KeePass na nduguze, kama KeePassXC. Humo kila kasha ni faili linalojitegemea, na kila faili lina neno lake. Kubadili neno la kasha la nyumba hakuligusi kasha la chama hata kidogo. Mwenye makasha matatu sharti afungue moja baada ya jingine, abadili neno la kila moja, na ahakikishe kila faili limehifadhiwa upya. Mabadiliko yasiyohifadhiwa hayakufanyika.

Mpango wa pili ni ule wa akaunti, kama ulivyo katika Bitwarden na katika 1Password ya sasa. Humo neno kuu ni la mtu, si la kasha. Humfungulia mwenyewe makasha yote aliyoruhusiwa kuyaona katika akaunti ile. Mume na mke wenye kasha la pamoja wana akaunti mbili na maneno makuu mawili. Mume akibadili lake, la mke halibadiliki, na wote wawili huendelea kuliona kasha la pamoja kama kawaida. Mtu mwenye akaunti mbili, moja ya familia na moja ya kazini, ana maneno makuu mawili ya kubadili.

Mpango wa tatu ulikuwa katika matoleo ya zamani ya 1Password, kabla ya toleo la 8 kuyaacha makasha ya kujitegemea. Humo kila kasha lilikuwa na neno lake, lakini kasha la kwanza likifunguliwa lilifungua na mengine. Mpango huo ulipendwa kwa wepesi wake, nao ulificha mtego. Mtu alikaa miaka akiandika neno moja tu, huku la kasha la pili likimtoka kichwani. Siku alipolihitaji kasha hilo peke yake katika kompyuta mpya, aliulizwa neno ambalo hakuwa ameliandika tangu siku alipolibuni.

Mtego huo haujaondoka. Siku hizi alama ya kidole hufanya kazi ile ile. Simu hufungua kasha kwa kuguswa, na mwenye simu hulisahau neno lake polepole bila kujua. Simu ikianguka mtoni au ikiibiwa sokoni, kidole hakitafungua kasha katika simu mpya. Litakaloulizwa ni neno.

WAKATI WA KUBADILI

Zamani maofisi mengi yaliamuru maneno ya siri yabadilishwe kila baada ya mwezi mmoja au miezi mitatu. Amri hiyo ilionekana ya busara, lakini watu waliitii kwa kuongeza tarakimu mwishoni: moja mwezi huu, mbili mwezi ujao. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo uliosema watu wasilazimishwe kubadili maneno yao kwa kufuata kalenda, bali walazimishwe panapokuwa na dalili kwamba neno limevuja. Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza nacho hupinga kawaida hiyo ya zamani.

Basi neno kuu hubadilishwa kwa sababu, na sababu zenyewe ni hizi: mtu mwingine ameliona au ameambiwa, liliandikwa katika kompyuta ya kukodi mjini ambayo haiaminiki, lilitumika pia mahali pengine, ni fupi au ni jina la mtoto, au aliyekuwa akilijua ameacha wadhifa wake. Kama simu au kompyuta yenyewe inashukiwa kuwa na programu ya kipelelezi, isitumike kubadilia neno, kwa maana neno jipya litaonekana kama lilivyoonekana la kale. Sharti itafutwe mashine iliyo safi kwanza.

NAKALA YA KALE HUFUNGUKA KWA NENO LA KALE

Jambo hili ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo hueleweka kwa mfano wa nyumba. Mwenye nyumba akibadili kufuli la mlango, ufunguo wa kale hautafungua tena mlango ule. Lakini kama mwizi alikwisha kubeba sanduku zima jana pamoja na kufuli lake la zamani, kufuli jipya la mlangoni halimzuii kulifungua sanduku huko aliko.

Kasha la maneno ya siri liko hivyo hivyo, kwa kuwa ni faili, na faili hunakiliwa. Mwaka 2022 wezi waliingia katika hifadhi za kampuni ya LastPass. Mwezi wa Agosti kampuni ilitangaza kwamba kulikuwa na uvamizi, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikaeleza kwamba nakala za makasha ya wateja zilikuwa zimechukuliwa. Maneno ya siri yaliyomo yalikuwa yamesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa. Mteja aliyebadili neno lake kuu baada ya tangazo alilinda kasha lililobaki kwake, ila nakala iliyokwisha kwenda iliendelea kufungika kwa neno la kale. Kama neno hilo lilikuwa dhaifu, kinga ya kweli ilikuwa kubadili vilivyomo ndani: neno la benki, la barua pepe, na kadhalika.

Somo hilo linavihusu hata vyama vidogo vya akiba. Mathalan, mweka hazina amemaliza muda wake, na wanachama wamemchagua mwingine. Mpya hubadili neno kuu la kasha la chama jioni ile ile, na kamati hulala usingizi. Lakini wa zamani huenda bado ana faili la kasha katika simu yake, wala si lazima awe na nia mbaya; pengine amesahau tu kwamba lipo. Simu hiyo ikiuzwa au ikiibiwa, neno la akaunti ya chama linakwenda nayo. Kwa sababu hiyo makabidhiano hayajakamilika mpaka maneno yaliyomo kasha nayo yabadilishwe, na faili la kale lifutwe mbele ya mashahidi. Anayekabidhi asione haya wala asijione ametuhumiwa. Utaratibu huo humlinda yeye pia, maana fedha zikipotea baadaye hakuna atakayemnyoshea kidole.

Kwa watumiaji wa Bitwarden kuna jambo moja la kujua. Neno kuu hufunga ufunguo wa ndani, na ufunguo huo ndio husimba vilivyomo. Neno likibadilishwa kwa njia ya kawaida, ufunguo wa ndani hubaki ule ule. Programu hutoa nafasi ya kuufanya upya pia, lakini kabla ya kufanya hivyo yapasa kutoka kwanza katika simu na kompyuta nyingine zote, ili mashine yenye ufunguo wa kale isije ikaharibu maandishi.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, andika katika karatasi majina ya makasha yote ya nyumba, mahali kila moja lilipo, na nani anayeliangalia. Karatasi hiyo iwe na majina tu, isiwe na maneno ya siri.

Pili, fungua kila kasha kwa kuandika neno lake, si kwa kidole. Lisilokumbukwa ligunduliwe leo, wakati kasha bado liko wazi katika simu moja na vilivyomo vyaweza kuokolewa.

Tatu, chukua nakala ya akiba ya kasha linalobadilishwa, uitie katika kifaa cha kuhifadhia kisichounganishwa na mtandao.

Nne, badili neno la kasha moja tu kwa siku. Anayebadili matatu usiku mmoja huchanganya lipi ni la lipi. Vilevile kazi hii isifanywe katika mkesha wa safari, wala na mtu mwenye usingizi au hasira.

Tano, funga kasha kabisa, kisha ulifungue kwa neno jipya. Rudia katika kila simu na kompyuta inayolitumia. Kama mke na mume hulitumia wote, kila mmoja aandike neno kwa mkono wake mwenyewe.

Sita, endelea kuliandika neno jipya kila siku kwa muda wa juma zima, mpaka vidole vilizoee. Ndipo chukua nakala mpya ya akiba, na uiharibu ile ya kale, kwa kuwa ile ya kale hufunguka kwa neno lile lile lililokimbiwa.

Saba, kama sababu ya kubadili ilikuwa kuvuja, endelea na vilivyomo ndani. Anza na barua pepe, kwani kwa kupitia hiyo mwizi aweza kuomba maneno mapya ya huduma nyingine. Fuata na akaunti za fedha, halafu zilizobaki.

KUCHAGUA NENO LISILOBAHATISHWA

Neno kuu zuri ni refu, lakini si la kuumiza kichwa. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieleza njia ya kuchagua maneno kwa kurusha dadu, iitwayo Diceware. Aliandaa orodha ya maneno 7,776, kwa kuwa dadu likirushwa mara tano hutoa mipangilio 7,776, na kila mpangilio una neno lake. Maneno sita yakichaguliwa hivyo, mipangilio inayowezekana huzidi bilioni mara bilioni mara laki moja. Mwizi hawezi kuimaliza kwa kubahatisha, na mwenyewe hubaki na maneno sita ya kawaida ya kukariri.

Siri ya njia hiyo ni kwamba dadu huchagua, si mtu. Mtu akiachiwa kuchagua hukimbilia jina la mwanawe, la kijiji chake au la timu yake. Methali pia hazifai, hata zikiwa ndefu, kwa sababu kila mtu anazijua, na orodha za wezi zina misemo mashuhuri. Asiye na orodha aweza kufungua kamusi ya Kiswahili bila kutazama, akaweka kidole, akaandika neno lililoangukiwa, mara sita, katika kurasa zilizo mbalimbali. Asilikatae neno kwa kuwa halimpendezi. Na kila kasha lipate maneno yake; kutia tarakimu moja kwa la nyumba na mbili kwa la kazi ni sawa na kutumia neno moja.

BAHASHA YA FAMILIA

Yako mashaka ya wizi, na yako mashaka ya kifo na maradhi. Baba akifariki huku neno kuu akiwa analijua peke yake, mjane hukuta simu imefungwa, kasha limefungwa, na deni la ada halijulikani limelipwa wapi. Mali ipo, lakini haionekani. Kwa hiyo neno kuu la kasha la nyumba liandikwe katika karatasi kwa hati inayosomeka, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi juu ya mfuniko, na bahasha iwekwe pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Kuandika neno katika karatasi iliyofichwa ndani ya nyumba si kosa. Mwizi wa mtandaoni aliye mbali hawezi kuifikia karatasi hiyo, na jamaa wa karibu ajue tu mahali ilipo.

Bahasha yenye neno la kale haimsaidii mjane. Kila neno linapobadilishwa, bahasha ibadilishwe siku ile ile, iandikwe tarehe juu yake, na ile ya zamani ichomwe. Chama nacho kiweke bahasha yake mikononi mwa mtu asiye mweka hazina, na katika kumbukumbu za mkutano iandikwe tarehe ya mabadiliko, bila neno lenyewe. Kasha la kazi lifuate kanuni za mwajiri, wala neno lake lisichanganywe na karatasi za nyumbani.

Shughuli zote hizi hazihitaji elimu ya juu wala fedha nyingi. Zahitaji karatasi, kalamu, saa moja ya utulivu, na mazungumzo ya wazi kati ya mume na mke au kati ya wanakamati. Nyumba ambayo haijawahi kufanya hesabu ya makasha yake yafaa ianze juma hili na hatua ya kwanza na ya pili, yaani kuyaorodhesha na kujaribu kufungua kila moja kwa neno lake. Tahadhari kabla ya hatari.